Mashudu ya Ghazala

Baba mkwe wangu, Mzee Zahran, alichomwa na mwiba akipogoa mtende. Akauchokoa kwa kisu chake, akaendelea na kazi. Mdharau mwiba mguu huota tende, nikamwambia, naye akanijibu kwamba tende ndiyo kazi yake. Miezi miwili baadaye kidonda kilikuwa bado wazi, nasi tuko hospitali ya Nizwa mbele ya daktari.

"Sukari hana," daktari alisema. "Ana njaa. Mwili hauna kitu cha kuzibia kidonda. Mpeni protini: nyama, samaki, mayai. Baada ya wiki tatu nitapima damu tena. Protini isipopanda, vidole viwili tutavikata."

Ana njaa! Mbele yangu mimi, ninayepika tangu alfajiri! Nilitoka pale nikiwaka.

Nikapika nguru, akasema ana miiba na yeye miiba inamtosha. Nyama nayo, meno ya bandia yalimuumiza. Mayai yalimnukia. Unga wa protini wa duka la dawa aliuonja mara moja tu.

"Chaki hii wapelekee walimu, Rayya."

"Ami, utakatwa mguu!"

"Vidole, si mguu. Usiniongezee."

Alikula tende tatu, akanywa kahawa, basi. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mama mkwe afariki. Mume wangu Muhanna alikuwa kazini Duqm, kwa hiyo kila jioni bandeji niliifungua mimi, na kila jioni niliogopa.

Juu ya hayo, mbuzi wetu Ghazala akapunguza maziwa. Ufuta wetu tunaupeleka Bahla kukamuliwa mafuta kwenye kinu cha ngamia, na mashudu yanayobaki humpa Ghazala maziwa mazito. Sasa hori lake nalikuta tupu mapema, na gunia lilikuwa likipungua wala simpi zaidi ya kawaida. Aliyepita uani kwetu kwenda mferejini ni mmoja tu, jirani yetu Bi Mauza, na yeye ana mbuzi wanne.

"Bi Mauza, mbuzi wako wamenawiri siku hizi!"

"Sema mashallah, mwanangu. Una jicho wewe."

"Jicho langu halijala mashudu ya mtu."

Akatua ndoo. "Unaniita mwizi? Mimi niliyekupaka hina ya arusi yako?"

Tangu siku ile akawa anazunguka msikitini kwenda kuchota maji, na gunia likazidi kupungua.

Wiki ya tatu ikatimia. Hospitalini muuguzi alichukua damu, na tulipoitwa ndani daktari akamwambia mzee apande kitandani. Alipoinua mguu, kitu kikadondoka mfukoni mwa kanzu yake, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha daktari. Nikaokota. Kilikuwa bonge la kahawia lililoshikana na tende. Nikanusa.

"Ami! Mashudu ya Ghazala?"

"Sauti, Rayya. Hapa hospitali."

Daktari alitazama bonge, akatazama karatasi ya majibu, akaanza kucheka. "Protini ya damu imepanda. Na kidonda kinafunga, tazama pembeni hapa. Ufuta ukishakamuliwa mafuta, protini yote hubaki humu. Hakuna kukata."

Nikakaa palepale kitandani karibu naye, nikalia. Furaha ilinipata pamoja na hasira, na sikujua nianze na ipi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee alitazama dari. "Marehemu mama yako alikuwa akinitwangia mashudu na tende. Sasa mimi nikuombe chakula cha mbuzi? Si ungempigia Muhanna simu kwamba baba yake amerukwa na akili?"

Ningepiga. Wallahi ningepiga siku ileile.

Tuliporudi nilianzia kwa Bi Mauza. Alinisimamisha mlangoni.

"Mwizi kapatikana?"

"Kapatikana, bibi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mfukoni mwa kanzu hasa."

Nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nimeshakusamehe. Ghazala je, umemwomba radhi?" Akaingia ndani, akanitolea mzigo wa majani mabichi nimpelekee.

Gunia nililihamishia jikoni. Nikachekecha mashudu, nikatwanga na tende, nikamwekea mzee kwenye sahani ya wageni. Alionja, akatafuna polepole.

"Ya mama yako yalikuwa laini zaidi," akasema, akainyoosha sahani nimwongeze.

Jioni nilifungua bandeji kama kawaida. Nikaosha vidole vyake kimoja kimoja, vyote vitano, na sikuwa na haraka.