Mkia wa Galaksi

Binti aliigeuza kamera ya darubini robo mzunguko, na mkia wa galaksi ukageuka nayo. Akaketi. Kitu cha mbinguni hakijali kamera imekaaje. Kinachogeuka na kamera ni doa tu, mwanga wa nyota ya jirani uliodundadunda kati ya vioo vya kamera na kutua pasipo pake.

Mkia huo ndio uliompa baba yake jina. Ni yeye aliyeutangazia ulimwengu kwamba galaksi ile kubwa ilimeza galaksi ndogo jirani yake: iliivuta polepole, ikaichana, na nyota zake zikabaki zimetapakaa nyuma kama unga wa gunia lililotoboka. Wenzake walimtania kwa kumwita Mzee Mkia, naye akalipenda jina hilo kuliko vyeo vyake vyote. Kwa kuwa alikuwa mwangalifu kupindukia, aliifunga kamera mkao mmoja na kupiga marufuku isiguswe, ili picha za miaka yote zilingane. Uangalifu huohuo ndio uliomponza.

Sasa alikuwa hoi kitandani, amebaki mifupa na macho. Habari zingetangazwa kesho yake, na binti, aliyerithi kazi yake, aliona heri baba azisikie kwake kuliko kwa wageni wa kujitia huruma. Mchana ule alimkuta ameegemezwa mito.

"Mkia wangu haujambo?" mzee alitania.

"Baba, nimeigeuza kamera."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikumwomba mtu."

"Na mkia wenyewe ukageuka?"

"Ukageuka."

Binti alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuja hata na maneno ya kumliwaza, kwamba kukosea ni sehemu ya kazi yao. Hayakuhitajika.

"Kwa hiyo haikumeza chochote," mzee alisema.

"Hapana, Baba. Inaonekana iko peke yake tangu gesi yake ilipojikusanya ikawa nyota."

Mzee aligeukia ukuta. "Mama yako alipokuwa anakata roho, waliniita. Mawingu ndiyo kwanza yalikuwa yametawanyika. Nikawaambia nimalizie picha moja."

"Najua."

"Ulijua, na hukuwahi kuninunia."

Ni kweli, hakumnunia. Tangu utotoni alijipa moyo kwamba baba hakumwacha mama afe peke yake kwa ajili ya upuuzi. Lilikuwa jambo kubwa, kubwa kuliko wao wote watatu. Msamaha wake aliujenga juu ya mkia ule, akasomea fani ileile ili naye aukaribie. Leo aliutafuta msamaha huo moyoni, asiuone. Kilichokuwepo ni hasira mbichi, kana kwamba mama kazikwa jana, na ilimtisha kwa sababu mtu wa kukasirikiwa alikuwa hana hata nguvu za kujigeuza.

"Na sasa je?" baba aliuliza.

Binti alichukua kikombe cha maji, akamwinua kichwa na kumnywesha. Mzee alikunywa huku akimkazia macho, akingoja. Maji yalipoisha alimfuta kidevu, akamlaza vizuri, akaketi kando yake. Alitaka kumshika mkono. Mkono wa mzee ulikuwa palepale juu ya shuka, umefunguka, naye akaendelea kuutazama.