Mgonjwa Anayejibu

Kaka yangu alivaa suti kuja kunishtaki kliniki. Suti! Mabega yamemzidi, mkono wa kushoto umeshonwa ukapinda, na mwenyewe anajiona bwana harusi. Mwaka jana nisingeliona hilo, ingawa ushonaji ndiyo kazi yangu.

Ni hivi. Ninaumwa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, na dawa yake naimeza, sibishi. Lakini zamani sindano zilinitetemesha, nikaongezewa kidonge cha kuzuia kutetemeka. Sindano zikaachwa, kutetemeka kukaisha, kidonge kikabaki. Kila mwezi kiliandikwa upya na watu wasioinua hata macho. Kikanifanya gogo. Nikimpima mteja kiuno, nikifika kwenye nyonga, kiuno nimeshakisahau. Nyumbani wakasifu eti siku hizi ametulia kweli. Loo, utulivu wa gunia la mkaa!

Daktari mpya akauliza kidonge hicho ni cha nini. Hakuna aliyejua. Akakipunguza taratibu mpaka kikaisha, na kichwa changu kikafunguka.

Sasa kaka akainama mbele ya meza ya daktari huyo kwa sauti ya msibani. "Daktari, ugonjwa umerudi. Mrudishie kile kidonge, tunakuomba."

Kikirudi, mimi basi tena, sitashona hata kifungo.

"Anasikia sauti?" daktari akauliza.

"Hapana."

"Halali?"

"Analala, tena anakoroma."

"Sasa tatizo nini?"

"Anajibu, daktari! Zamani ukimwambia kaa, anakaa. Siku hizi tukizungumza, na yeye anachangia. Mke wangu anaogopa."

Shemeji yangu kuogopa! Yule anayewafokea hata wageni wake.

"Anajibu nini?"

Kaka akafuta jasho. "Mambo ya kichaa tu. Anauliza cherehani yake iko wapi."

"Iko wapi?"

Mtu mzima na ndevu zake akaanza kukagua sakafu. "Iko... dukani kwa mke wangu. Anaitumia. Si huyu alikuwa haulizi?"

Nilimdharau mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

"Kidonge hakirudi," daktari akasema. "Hana haja nacho."

"Na akiendelea kuuliza, tumfanyeje?"

"Mjibuni."

Hatukufika hata getini. Pale pale kwenye foleni ya wagonjwa, watu wote wakisikia, nikamuuliza, "Kaka, cherehani yangu naletewa lini?"