Mwangwi Uliotangulia Sauti

Tupokigwe analala saa nane mchana akiwa ameketi, shavu juu ya spika, mguu wa kulia bado umekanyaga pedali, maana uchovu hauna adabu. Tangu asubuhi yuko peke yake ukumbini mwa bendi akiitafuta sauti ya kaka yake. Ambakisye, mpiga solo aliyewaliza watu Mbeya nzima, amekufa na siri yake. Amemwachia dada mtu gitaa na pedali mbili, ya fazi, inayoikwaruza sauti mpaka ingurume, na ya mwangwi, inayoitandaza kama mtu anayeimba kanisani kabla waumini hawajaingia. Alivyoziunganisha hakumwambia mtu. Jumamosi bendi inakwenda Tukuyu, nyumbani kwa mama yao, kumaliza msiba, na mama ameomba kitu kimoja tu, alisikie gitaa la mwanawe mara ya mwisho, si la kufananisha. Tupokigwe amefanya kama wafanyavyo wapigaji wote, fazi mbele, mwangwi nyuma, amezungusha vitufe mpaka vidole vinauma, na kila mara sauti inatoka nzuri, safi, ya kila mtu. Basi usingizi unamwiba.

Na usingizi wenyewe ni barabara. Waya unaotoka kwenye gitaa unanenepa chini ya nyayo zake, unakuwa lami nyeusi isiyo na mwisho, anatembea juu yake na barabara nayo inatembea, anapita mji wenye vioo badala ya kuta, na ndani ya kila kioo yumo Tupokigwe mwingine mwenye gitaa begani, na wote wanageuka kumtazama kabla yeye hajageuka. Anashtuka, anakaza mwendo, na kwenye barabara hii ukikaza mwendo unarudi ulikotoka, mji ni uleule, safari hii uko mkono wa kushoto. Njia panda amesimama mtu aliyevaa koti la Ambakisye, lile la kahawia la jukwaani, lakini juu ya kola hakuna uso, pako laini kama yai. Tupokigwe anataka kupiga yowe, yowe linagoma, kinachotoka ni adabu ya nyumbani. Shikamoo. Lakini marahaba imekwisha kuja zamani, aliisikia kule kwenye vioo akadhani ni upepo.

Unatafuta nini, dada? anauliza asiye na uso, na hilo neno dada linamkata maini. Natafuta sauti ya kaka yangu, iko wapi? Kitendawili, anajibu yule. Tega, anasema Tupokigwe upesi, maana kwa vitendawili hajawahi kuogopa mtu. Mtoto ametangulia, mama anafuata, na mama akifika anamkuta mtoto ana ndevu. Kivuli? Sicho. Moshi na moto? Sicho. Radi? Unaukaribia mlango, unapita dirishani. Anakuna kichwa, barabara inajikunja na kujikunjua, Jumamosi inampita mbio, inarudi, inampita tena. Nimeshindwa, niambie. Basi nipe mji. Na yeye, bila kuwaza, kama walivyokuwa wakifanya na Ambakisye jikoni kwa mama wakisubiri ndizi ziive, wakitoa mji mmoja huohuo kila siku kwa sababu ndio uliokuwa wao, anasema, nakupa Tukuyu.

Asiye na uso anaupokea. Anaupokea kweli, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sahani ya chakula. Nimekwenda Tukuyu, anaanza, kama ilivyo ada ya wategaji, nimenywa chai yao, nimekalia viti vyao, mama mmoja mwenye khanga ya zambarau amenikaribisha ndani, na kila anachokitaja kinazimika kwenye vioo, soko linazimika, migomba inazimika, ukungu wenyewe unazimika. Tupokigwe anamvuta koti. Yule ni mama! Ni mama yangu, mwache! Tega kingine, nitakupa mji mwingine, nitakupa mitano! Mji ukishatolewa haurudi, dada, kwani hukulijua hilo? Na jibu lako ni hili, mtoto ni mwangwi, mama ni fazi, mwangwi utangulie, fazi ifuate. Gitaa liingie kwanza kwenye mwangwi, litande, ndipo fazi iukwaruze huo mwangwi wote. Kaka yako alikuwa akikwaruza kile kinachobaki baada ya sauti. Silitaki jibu, nirudishie mama! Lakini mguu wake umekwisha kukanyaga, pedali inalia ta, na anaamka.

Mzee Mwaisumo, kiongozi wa bendi, amesimama mbele yake. Umelala, mwanangu? Tupokigwe anachomoa nyaya, anatanguliza mwangwi, fazi nyuma, anapiga uzi mmoja. Mkono umekwisha kuondoka kwenye uzi na sauti bado inakua, inakwaruza, inaujaza ukumbi mpaka mabati yanatetemeka. Mzee Mwaisumo anakaa sakafuni kama alivyo, na suruali yake ya pasi. Ambakisye, anasema, machozi yanamtoka. Umeipata, mwanangu! Jumamosi watu watalia! Tupokigwe anacheka na kulia kwa pamoja. Tukuyu nzima italia, mzee. Wapi? Tukuyu. Mzee anafuta macho, anakunja uso. Tukuyu ndiyo wapi, mwanangu?

Tupokigwe anadhani ni utani. Lakini Mzee Mwaisumo si mtu wa utani, na Tukuyu ndiko alikozaliwa. Haelewi kama ameamka au amelala zaidi. Kama jibu ndilo lililouchukua mji, atalirudisha, anapiga magoti, anang'oa nyaya. We mtoto, unafanya nini? Usiiguse, utaipoteza! Potelea mbali, mzee, ipotee! Fazi anairudisha mbele, mwangwi nyuma, anapiga uzi uleule. Inatoka sauti ya gitaa tu, na Ambakisye hayumo. Haya, mzee wangu, sasa niambie tena. Tukuyu ni wapi? Mzee Mwaisumo anamtazama yeye, anazitazama nyaya, kisha anafungua mdomo.