Upau wa Kulia

Kompyuta ya Himid ilikuwa na tabia za mwenyewe: haiamki mpaka ibembelezwe. Wahida aliiwasha asubuhi kabla hajainjika chai, na chai ikachemka, ikanywewa, vikombe vikaoshwa, bado lile duara la kwenye skrini linazunguka tu kama ngamia wa kinu cha ufuta. Mkwewe Bi Miza alikuwa akipita akiguna. Mashine ile ni nzito, alisema, kwa sababu nyumba yenyewe ni nzito, ina wasioonekana, na mtu wa Bagamoyo haelezwi mahali pazito ni mahali pa namna gani.

Wahida hakuyapenda maneno hayo. Yeye alikuwa akichapa kadi za harusi na ratiba za maulidi kwa watu wa mtaani, na mwenye harusi hangoji duara. Isitoshe, aliyajua yalikokuwa yakielekea. Miaka kadhaa nyuma mumewe Himid alipanda boti kwenda Pangani na marobota yake ya vitambaa, boti haikufika, wala hakuna ubao wala kofia iliyotupwa ufukweni. Maiti hakuna, kaburi hakuna, matanga hayakukaliwa. Kadhi alikwisha kumwambia kwamba muda wa kungoja umetimia. Siku atakayotaka, aende mwenyewe kuomba mumewe ahukumiwe kuwa amefariki, kisha akae eda, awe huru. Hapo kwenye kwenda mwenyewe ndipo miguu ilipogoma. Mwanamke gani atajifunga buibui lake vizuri, atoke nyumbani kwa mumewe, aende kumuua kwa ulimi? Na kama yu hai mahali?

Basi akaona heri ashughulike na kompyuta kwanza.

Fundi Mwinjuma alikuja na pikipiki kutoka Kerege, begi mgongoni, maneno hayamwishi mdomoni. Alimwamkia Bi Miza, akakaa, akaitazama mashine ikiamka hata akamaliza kisahani cha kashata. Mashine haiumwi, alisema, ila imevishwa joho la bwana harusi halafu ikapelekwa kulima. Alimweleza Wahida kwamba kompyuta ina mwili na ina mavazi. Mwili ni kule ndani inakofanyia hesabu zake. Mavazi ni yale mazingira yanayoonekana machoni: picha ya nyuma, madirisha, vitufe, na ule upau mrefu wa kufungulia kazi. Himid aliweka mazingira ya fahari, dirisha halifunguki mpaka lijishaue, na mashine ya umri ule haiyawezi. Akachomeka flashi yenye mazingira mepesi ya aina tatu, akamwambia ayaonje moja moja kama mtu anayejaribu viatu. Yote yatasomwa kwenye flashi tu, na vitu vya zamani havitaguswa. Yeye atarudi baada ya Ijumaa.

Ya kwanza yaliitwa mepesi kwa heshima tu. Ya pili yalikuwa skrini nyeusi tupu, huoni pa kushika, kila jambo uliandikie amri. Ya tatu yalikuwa na nembo ya panya mdogo, rangi moja ya buluu, na upau mmoja umelala chini. Ukibonyeza, kitu kimefunguka. Wahida alicheka peke yake. Kadi ambayo angeihangaikia siku nzima ilikwisha kabla ya adhana ya adhuhuri.

Alikwenda kuswali. Aliporudi, upau ulikuwa umehamia upande wa kulia, umesimama wima, na kiti kilikuwa kimevutwa nje ya meza.

Ni Himid aliyekuwa akiuweka upau kulia. Babu yake alimsomesha Kurani kabla hajajua herufi nyingine yoyote, na ikamkaa kichwani kwamba kila kinachosomwa huanzia kulia, kompyuta ina nini hata ijitenge. Wahida alimtania sana kwa hilo. Kila alipokalia mashine aliushusha upau chini, Himid akija anaupandisha kulia, na huo ndio uliokuwa ugomvi wao mkubwa katika ndoa. Akaushusha, akajiambia kwamba aligusa vibaya.

Kesho yake, jua la utosi, saa ambayo watoto wa mji huitwa ndani, aliswali tena na kurudi. Upau kulia. Bi Miza alikuwa ukumbini akichagua mchele, mtu ambaye hata kuiwasha mashine hajui. Wahida alimuuliza kama kuna aliyeingia chumbani. Bi Miza hakuinua uso. Alisema amesikia kiti kikivutwa, akadhani ni yeye.

Akaweka yale mazingira meusi, makusudi, kwa kuwa hayana upau kabisa. Akaswali, akarudi. Katika ule weusi palikuwa na mstari mwembamba mweupe, upande wa kulia.

Aliogopa, na alifurahi, na hakujua lipi kati ya hayo lilimtia aibu zaidi. Alianza kufukiza udi kabla ya kwenda kuswali. Alianza kuacha kikombe cha kahawa kando ya meza, naye akikikuta kimejaa vile vile alikimwaga haraka Bi Miza asikione. Ya kadhi hakuyafikiria tena.

Mwinjuma aliporudi alisimuliwa, akacheka sana. Akaushusha upau kwa mkono wake, wakatoka wote watatu kukaa ukumbini. Kiti kikasikika. Walipoingia, upau ulikuwa kulia. Mwinjuma aliichomoa flashi, akaigeuzageuza kiganjani, asicheke tena. Alizungumza mambo ya kazi tu. Diski ni ndogo, alisema. Akitaka haya ya panya yakae moja kwa moja itabidi ya zamani yafutwe yote, pamoja na jina la Himid na sehemu yake. Picha zao atazihifadhi. Ama sivyo, yaachwe yalivyo na mashine ibaki na uzito wake.

"Usifute," Bi Miza alisema. "Asiyezikwa hafutwi."

Wahida alimtazama mkwewe, kisha akakitazama kile kiti.

"Na mimi nikae hivi mpaka lini, mama? Si mke, si mjane."

Bi Miza alishika pindo la kanga yake. Wahida akamwambia fundi afute.

Mashine ilipoamka iliuliza jina moja tu, naye akaandika lake. Ikafunguka kufumba na kufumbua. Upau ulilala chini, na baada ya swala ulikuwa bado chini. Kesho yake chini, na siku zilizofuata chini. Kiti hakikusogea. Kazi zilikwenda mbio, wateja wakamsifu, na nyumba ikawa nyepesi kweli, nyepesi hata ukikohoa unajisikia. Bi Miza aliacha kula vizuri. Wahida naye hakwenda kwa kadhi, maana ukimya si jibu. Labda alichokifuta ni mashine tu. Labda Himid yu hai, na yeye amemfungia mlango wake mwenyewe. Wazo hilo lilimtafuna hata akawa anaswali huku sikio lake liko chumbani.

Mchana mmoja alishindwa. Aliukamata upau kwa mkono wake, akauvuta mpaka kulia, akausimamisha kama Himid alivyoupenda. Akakivuta kiti nje.

"Karibu, Himid," alisema. "Ukiwapo, karibu."

Akaacha mlango wazi, akaenda kutandika msala. Alikuwa katika rakaa ya mwisho alipokisikia kiti. Kiliburuzwa taratibu, kisha kikagonga kitu, kisha kimya. Hakuikata swala. Alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, akainuka, akaenda chumbani.

Upau ulikuwa chini. Ulikuwa umelazwa pale pale anapoupenda Wahida, mahali ambapo Himid hakuwahi kuuweka hata siku moja maishani mwake. Kiti kilikuwa kimesukumwa chini ya meza, kama anavyokiacha mtu aliyekwisha kumaliza.

Wahida alikaa chini sakafuni akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia, kilio cha matanga. Bi Miza alikuja mbio. Upau hakuutazama, lakini kiti alikiona. Akaweka mkono kifuani.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun," alisema. "Inuka, mwanangu. Kwa kadhi nitakusindikiza."

Wahida alijifuta uso, akaizima kompyuta. Ilizimika papo hapo.