Mbu Wazito wa Notburga

Notburga aliporudi Kihagara kutoka Mbinga, alikokwenda kununua taa ya hadubini, alikuta kizimba chake cha mbu kimechangamka ajabu. Mbu wote walikuwa wanaruka. Lakini mbu aliokuwa akiwatafiti ni wale wasioruka vizuri. Walikuwa wamenyonya damu yenye minyoo ya matende, na minyoo hiyo hukulia ndani ya misuli ya kifuani, ile ile inayoendesha mabawa.

"Shikamoo, mjomba," alisema, kwa sababu hasira au si hasira, Mzee Kilian, aliyebaki akitunza kizimba, alikuwa na umri wa baba yake. "Wale wazito wako wapi?"

"Marahaba. Nimewachambua. Walikuwa wanajikokota tu chini, nikawatoa nikawapa kuku. Nimekubakizia daraja la kwanza."

Notburga akafumba macho. Wiki nzima kabla ya safari alikuwa akimwambia asiguse kitu, awawekee maji ya sukari basi. Lakini Kilian alikulia Mkumbi, kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, na huko mtu akiona punje mbovu mkono unakwenda wenyewe.

Akainamia wavu. Kwenye kona, mbu mmoja alijaribu kupaa, akaanguka, akajaribu tena. Notburga akageuka taratibu kuchukua kichupa, hata kupumua anaogopa.

Alipogeuka tena, Kilian alikuwa anatoa mkono kizimbani.

"Samahani, mwanangu," alisema, akifuta vidole kwenye suruali. "Huyo alinipita."