Kila Mpira wa Tatu

Jumamosi ya nne ya msimu, saa nne asubuhi, Prudence alifunga mkanda kiunoni, akahakikisha vile vitambaa viwili vya njano vinaning'inia sawasawa, kimoja kila nyonga, akaingia kwenye uwanja ulio nyuma ya maghorofa ya Flemingdon Park, mtaa wa wahamiaji ng'ambo. Mpira wa mchezo wa ligi yao umechongoka kama papai. Hakuna kuangushana, ukichomolewa kitambaa, umekamatwa. Kila timu huingiza watu watano, wanawake wasipungue wawili, na kila mpira wa tatu unaoanzishwa sharti umpitie mwanamke.

Zameer, nahodha wao, alikuwa amepata njia ya kuitii kanuni hiyo bila kuchelewa. Ikifika zamu ya tatu alimkabidhi Prudence mpira mkononi, Prudence akamrudishia, naye akamtupia mwanamume aliyekwisha kukimbia mbele. Mpira ulikuwa umempitia mwanamke. Kabla ya Prudence, kazi hiyo aliifanya Almina, dada yake Zameer, kwa misimu sita.

Prudence alikuwa amedakia timu ya shule yao kule Uvira, na mpira ukimfika mikononi ulikuwa umefika. Siku hizi mikono hiyo iliwainua wazee vitandani katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi aliileta uwanjani ili ipate kitu cha kudaka.

Siku hiyo, alipomrudishia Zameer mpira wa tisa, miguu yake iliacha nyasi. Haikwenda mbali, shibiri moja tu.

Mwamuzi, mzee Mohamedtaki, aliyewahi kuwa mwalimu Tanga, alipuliza filimbi, akatoa kijitabu cha kanuni, akalamba kidole na kufungua kurasa.

"Kaptura yenye mifuko imekatazwa," alisema. "Hereni zimekatazwa. Kuelea hakukutajwa. Endeleeni."

"Dada Prudence, mpira unaufikia?" Zameer aliuliza.

"Naufikia."

"Basi hakuna neno."

Mchezo ulipokwisha alifungua mkanda, akashuka, akapanda basi kwenda kazini. Jioni mumewe Eustache alimwuliza, "Mama Brice, leo walikupatia balo?"

"Mpira walinipatia. Nilirudisha."

"Ulirudisha juu ya nini?"

Badala ya kutoa sababu, Prudence alisema wali utaungua, akaenda jikoni. Wali ulikuwa haujachemka.

Kila mpira aliourudisha ulimwongezea shibiri, na kila Jumamosi alipofunga mkanda alipanda hadi pale alipoachia. Kufikia Julai Zameer alileta kamba, akamfunga Prudence kifundo cha mguu na kumpa Almina ncha ya pili aishike. Hakuweza tena kumkabidhi mpira, kwa hiyo aliurusha juu taratibu, na Prudence akauangusha mikononi mwake. Huko juu aliona bonde la mto Don na magari yakisongamana barabarani. Aliona pia kitu ambacho chini hakikuonekana vizuri: nyuma ya mabeki, karibu na mstari wa mwisho, palikuwa na nafasi tupu, na timu nyingine hawakuiwekea mlinzi yeyote.

"Zameer," aliita, "nitupie mimi kabisa, nisirudishe!"

"Msimu ujao, dada. Sasa tunashinda."

Mchezo wa mwisho hawakuwa wakishinda. Walikuwa nyuma kwa pointi mbili, umebaki mpira mmoja, nao ulikuwa wa tatu. Zameer aliurusha juu, akakinga mikono kuupokea.

Mpira haukushuka. Prudence aliukumbatia kifuani, akaanza kutembea hewani kuelekea mstari. Mabeki walirukaruka chini yake, vidole vikakosa vitambaa. Kamba ikakaza. Almina aliburutwa hatua tatu, akamtazama kaka yake aliyekuwa akipiga kelele "Shika! Shika!", akaiachia.

Prudence alivuka mstari akiwa amejaa kicheko ambacho hakuwa amekicheka tangu Uvira.

Mohamedtaki alifungua kijitabu. Alisoma mara mbili, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki.

"Anayedaka lazima awe na mguu mmoja chini," alisema. "Si bao."

"Mzee," Prudence aliita, "na yote ile nilikuwa narudisha huku juu, mbona ulihesabu?"

"Ile ilikuwa kugusa tu, binti yangu. Kugusa hakuhitaji mguu."

Walishindwa. Zameer hakumlaumu; alimwambia dada yake tu kwamba kamba haiachiwi.

Wakati wa baridi kamati ya ligi ilikutana na kuongeza kanuni. Mchezaji anayeelea afungwe kamba isiyozidi mita tatu, ishikwe na mwanamke wa timu yake, na kila mpira wa tatu uendelee kumpitia mwanamke kama kawaida. Mwezi wa tano Zameer alimpigia Prudence simu.

"Dada, tumepungukiwa na mwanamke."

Prudence alikwenda. Eustache alimwuliza kwa nini, naye akasema kwamba kutoka kule juu ile nafasi bado anaiona.

Katika mpira wa tatu wa msimu mpya, Zameer aliona ni rahisi zaidi kumkabidhi Almina, ambaye alikuwa karibu. Almina akamrudishia. Kamba mkononi mwake ikalegea, kwa sababu naye alikuwa ameziacha nyasi, shibiri moja hivi. Prudence alimwinamia, akamnyooshea mkono.

Mohamedtaki aliwatazama, akahesabu wanawake wawili, akapuliza filimbi mchezo uendelee.