Mawe Ndani ya Koti la Placide

Kama unatafuta wa kulaumu, nilaumu mimi, Clotilde. Mifuko ile niliishona kwa mkono wangu.

Munganga, daktari wa kampuni ya shaba, alimwambia bwana yangu Placide ana kansa ya damu, ile inayokwenda polepole. Dawa bado. "Utarudi kila miezi mitatu tukupime. Ukianza kukonda, ndiyo tutaanza." Placide alijua desturi ya kazini: ukianza dawa zile unaachishwa kazi kwa ugonjwa, na nyumba ya kampuni unairudisha. Binti yetu Georgette alikuwa amebakiza mwaka na kidogo kwenye shule ya kampuni, ya watoto wa wafanyakazi.

Akaanza kukonda.

"Mama Georgette, shona mifuko ndani ya koti," akaniambia. Akaleta mawe ya shaba kutoka kazini, ya kijani, mazito. Mpumbavu mimi nikashona. Mara tatu alipanda mizani na koti lake, kila mara na jiwe la nyongeza, na mara tatu munganga akafurahi: kilo ni zile zile, tungoje.

Mara ya nne tulimkuta muuguzi mpya, Berthe, mwanamke asiye na mchezo. Akamwambia avue koti; Placide akalivua mwenyewe, akaliweka kitini. Kilo tisa hazipo.

Munganga akaniita pembeni. "Citoyenne, kilo tisa kwa miezi mitatu! Ugonjwa umegeuka mkali. Kwa ule hatuna dawa hapa. Mumurudishe nyumba, apumzike."

Placide alisikia: hakuna dawa, basi hakuna kuachishwa kazi. Akanitikisia kichwa, ninyamaze. Georgette alikuwa amebakiza majuma sita afike mtihani wa mwisho, na kukutwa na mawe ya kampuni ni kupelekwa gereza la Buluo. Angekubali kufa, mwanaume yule, kwa majuma sita. Hasira ikanipanda. Nikachukua koti, nikalitupa juu ya mizani.

"Munganga, kilo zako ni hizi. Hapana ya miezi tatu, ni ya mwaka muzima. Ni miye nilishona."

Akaandika karatasi mbili: moja ya dawa, moja ya wakubwa wa kazi. Mawe hakuyataja, namshukuru kwa hilo.

Vidonge vilianza Jumatatu. Mwisho wa mwezi tulitoka katika nyumba, na Georgette hakufanya mtihani.

Sasa Placide ananenepa. Kila asubuhi anapokea vidonge mkononi mwangu, anameza, anarudisha kikombe. Mwaka wa pili huu, hajanisemesha. Georgette naye vilevile.